Mfalme Mkoma na Sufuria za Minto

Safari zangu nyingi hazina sababu. Huamka asubuhi, nikaona njia, nikaifuata. Ndivyo nilivyoacha shule nikiwa darasa la sita, na ndivyo nilivyofika Australia. Lakini hii ninayowasimulia, ndugu zangu wa Tanga, ilikuwa na sababu mbili: sufuria na mfalme.

Sufuria ni za shangazi yangu Mwanahawa, anayekaa Minto, kitongoji cha Sydney. Watu wa mwambao si wengi katika mji ule, kwa hiyo mpishi mmoja wa harusi anatosha, na mpishi huyo ni yeye. Alinipigia simu Jumatano.

"We Athumani, uko wapi?"

"Griffith, shangazi. Nachuma machungwa."

"Machungwa hayana haraka. Jumamosi nina harusi ya watu mia tatu, huko St Marys. Nataka mgongo."

"Mgongo tu? Kichwa hutaki?"

"Kichwa ninacho. Wewe lete mgongo."

Mfalme nilimwokota siku hiyohiyo. Wazungu wa huku wakihama huacha vitu kando ya barabara, anayetaka achukue. Ndani ya boksi moja nilikuta kitabu kisicho na jalada, ukurasa wa kwanza umeliwa na mvua. Kilikuwa kinasimulia habari za kijana aliyetawala Yerusalemu zamani sana, wakati Wazungu wapiganaji wa msalaba walipokuwa wameuteka mji ule. Kijana huyo alikuwa na ukoma. Nilisimama palepale barabarani nikarudia sentensi ile mara tatu, maana Kiingereza changu cha kusoma kinatembea kwa magongo. Mfalme mkoma! Kwetu mkoma hakupewa hata kikombe cha kunywea maji, na huyu alipewa taji. Nilikitia kitabu kwenye begi kabla ya soksi.

Alhamisi saa tatu asubuhi basi liliondoka Griffith. Ilikuwa majira ya baridi, umande umeganda juu ya majani ya michungwa kama chumvi. Nilikaa dirishani lakini dirisha sikulitazama. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kila nilipoelewa ukurasa mzima nilitamani kumshika bega dereva nimwambie.

Kisa kinaanza hivi. Mfalme alipokuwa mtoto wa miaka tisa alikuwa akicheza na wenzake, watoto wa wakubwa. Mchezo wao ulikuwa kufinyana mikono kwa kucha ili kuona nani atalia. Wenzake wote walilia. Yeye hakulia hata mara moja. Mwalimu wake alifurahi sana: mtoto ana moyo, mtoto ni mvumilivu, huyu ndiye mfalme. Baadaye mwalimu aliushika mkono ule wa kulia, akauchunguza, akaufinya mwenyewe. Hapo ndipo alipojua kwamba mtoto havumilii chochote. Mkono ulikuwa hausikii.

Saa nane mchana nilishuka Cootamundra nikapanda treni inayotoka Melbourne. Nje kulikuwa na vilima vya kijani na kondoo waliotapakaa kama pamba. Ndani, yule mtoto akawa mfalme akiwa na miaka kumi na mitatu, akajifunza kumwongoza farasi kwa magoti kwa sababu mkono mmoja haukumtii. Alipofika miaka kumi na sita, Sultani wa Misri na Shamu alimjia na jeshi kubwa, naye akatoka na wapanda farasi mia chache tu, akamshinda. Nilipiga paja langu kwa nguvu. Bibi wa Kizungu aliyekaa upande wa pili akauliza kama niko salama. Nikamwambia tumeshinda vita. Akaniambia hongera, akarudi kwenye kufuma sweta yake.

Magharibi ilipokaribia treni ilifika Campbelltown. Nikahamia treni ya mjini, na vituo viwili mbele ndiyo Minto. Shangazi alikuwa amesimama kituoni amevaa koti refu, kanga imetokeza kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, guu la njia. Umekonda. Huko mnachuma machungwa au machungwa yanawachuma ninyi?"

Gereji yake haina gari. Ina sufuria. Zimepangwa hadi darini, zile nzito zilizokuja kwa meli kutoka nyumbani, kwa sababu anasema sufuria za dukani huku ni nyembamba kama maneno ya mwanasiasa. Njia nzima kutoka kituoni kila Mswahili tuliyekutana naye alimwita kwa jina la sifa: Mkono wa Chuma. Nilijua limetoka wapi. Pilau yake hupikwa kwa moto wa gesi chini na makaa juu ya mfuniko, kama kwetu, na watu husema Bi Mwanahawa huyapanga makaa kwa vidole, hahitaji koleo. Kwenye harusi akina mama huacha kukata kachumbari wakaja kumtazama. Wengine hupiga vigelegele. Nami nilikuwa nimesikia sifa hizo miezi kadhaa nikijivuna kwamba ni damu yangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulianza kazi uani. Vitunguu gunia zima, tangawizi, thumu, bizari nyembamba, iliki. Shangazi huwa anapika sufuria moja ndogo siku moja kabla, ili aujue mchele. Upepo wa baridi ulikuwa unatukata masikio, moshi unatuchoma macho, nami nilikuwa na furaha isiyo na kiasi. Nilimsimulia harusi za Darwin, mamba wa huko, mashamba ya maembe. Yeye alikuwa akicheka na kupanga makaa juu ya mfuniko.

Kaa moja likaanguka kwenye majani. Shangazi aliinama, akaliokota kwa vidole viwili, akaendelea kunisikiliza hali amelishika. Alikuwa anataka kujua mamba anakula nini. Nikajibu. Akauliza swali jingine. Kaa bado liko vidoleni, jekundu.

Nilikuwa nimekwisha kuinua mikono nipige makofi. Ndipo nikasikia harufu, na haikuwa harufu ya nyama ya sufuriani.

"Shangazi! Mkono!"

Akautazama mkono kana kwamba ni wa jirani. Akalitupa kaa juu ya mfuniko, akauficha mkono ndani ya kanga.

"Si kitu. Nimezoea."

Mimi jambo likinijia kichwani sijui kulizunguka, nalipitia katikati. Nikamsimulia palepale mchezo wa kufinyana, mwalimu aliyefurahi, mkono wa mfalme. Nilisimulia kwa raha zote, kama nilivyosoma, mpaka nilipofika kwenye jina la ugonjwa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo unasema nina ukoma."

"Sikusema hivyo, shangazi."

"Umesema. Na mimi nimejiambia hivyo miezi minane." Akautoa mkono. Vidole viwili vilikuwa na malengelenge mapya, na chini yake makovu ya zamani, mengi. "Babu yangu mzaa mama alipelekwa kambi ya wakoma. Sahani yake na kikombe chake vilitupwa nyuma yake, nikaviona kwa macho yangu, vikivunjika. Vidole vyangu vilipoanza kufa ganzi nilikumbuka ile sahani. Kisha siku moja nikashika kaa bila kujua, watu wakapiga vigelegele. Nikaona afadhali. Nikazivaa zile sifa kama glavu."

Nikavuta ndoo nyingine, nikakaa mbele yake.

"Mume amekufa, watoto wako Perth," akasema. "Mimi hapa ni mpishi wa harusi. Wakijua, nani atakula chakula nilichokigusa? Kesho watatafuta mtu wa kukodi, kesho kutwa hawatanialika hata kula. Nitabaki nani, Athumani?"

Nikaenda ndani nikaleta kitabu. Nilijua ukurasa gani, nilikuwa nimeukunja pembe ndani ya treni. Nikamweleza kwamba mwisho mfalme hakuweza kutembea, mikono ikamwisha, macho yakazimika, naye hakufika hata miaka ishirini na mitano. Lakini hakuna aliyekuwa hajui. Raia walijua, maadui walijua. Aliwekwa juu ya machela, machela ikabebwa baina ya farasi wawili, akaenda vitani hivyohivyo, akiamrisha kwa sauti.

"Huyo alikuwa upande wa nani?" shangazi akauliza.

"Wa msalaba."

"Hao waliokuja kuichukua Quds, hiyo Yerusalemu?"

"Hao hao."

"Sasa mimi, binti wa Kiislamu, niliyeswali alfajiri, nimwige huyo?"

"Usiuige msalaba, shangazi. Iige machela."

Alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kidogo. Nikaongeza moto. Nikamwambia kulikuwa na harusi ndani ya ngome moja ng'ambo ya Yordani, na Sultani akaizingira wakati wageni wanakula. Mama wa bwana harusi akamtolea Sultani chakula cha harusi nje ya ngome. Sultani akauliza maharusi wamelala mnara gani, akawaamuru watu wake wasiurushie mawe mnara ule.

"Ee, huyo ndiye muungwana," shangazi akasema. "Alitolewa chakula gani?"

"Kitabu hakisemi."

"Kitabu gani hicho kinataja vita na hakitaji chakula?"

"Ila kinasema nani aliiokoa harusi. Mfalme alibebwa kwenye machela kutoka Yerusalemu, haoni, hawezi kusimama. Sultani aliposikia anakuja, akafungasha akaondoka."

Shangazi akavitazama vidole vyake. Makaa yalikuwa yanalia juu ya mfuniko. Kisha akasema, "Mwite Wambui."

Ijumaa saa saba mchana Wambui akaruka ua. Ni Mkenya, mtu wa Nyeri, nesi katika nyumba ya wazee, na nyumba yake imepakana na ya shangazi. Alikuja na begi dogo na maneno mengi.

"Haiya! Miezi minane, Mama, na mimi niko hapa karibu hivi? Nakula chapati zako kila wiki na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekula?"

"Ningekula! Wewe hujui mimi na chapati." Alikuwa ameshaushika mkono, bila glavu, na nilimwona shangazi akikitazama kitendo kile kuliko alivyolitazama begi. "Miguu je? Iko na ganzi pia?"

"Kidogo. Nyayo."

"Kiu? Unaamka usiku kwenda choo?"

"Mara nne, tano."

Wambui akatoa kimashine, akamchoma shangazi ncha ya kidole. Shangazi hakushtuka. Mashine ikalia, Wambui akaitazama namba, akatutazama sisi.

"Mimi si daktari na daktari utamwona Jumatatu asubuhi, nitakupeleka mwenyewe. Lakini sukari yako iko juu sana. Sukari ikikaa juu inaua hisia kwa vidole na miguu. Hiyo ndiyo naona hapa. Na hata kama ingekuwa ukoma, Mama, siku hizi ni vidonge, unameza, unapona. Hakuna mtu anatupa sahani."

Shangazi alilia, halafu akakasirika kwamba amelia, halafu akaamuru niangalie mchele usiungue. Wambui akamfunga bandeji nyeupe mkono mzima mpaka kifundo.

"Usishike moto wala maji. Kesho unakaa."

"Pilau haipikwi kwa mdomo, Wambui."

"Shangazi," nikasema, "gereji ina kiti cha magurudumu."

Kilikuwa kiti cha ofisi, mtu alikiacha barabarani, shangazi akakiokota akiwa na nia ya kukitumia siku moja. Damu ni damu.

Jumamosi saa moja asubuhi tulipakia sufuria kwenye gari la kukodi na kuelekea St Marys. Ni mwendo wa karibu saa nzima, jua linachomoza upande wa mjini, Wambui anaendesha huku akituimbia nyimbo za kwaya, nami nyuma nimezikumbatia sufuria zisigongane. Shangazi alikaa mbele. Mkono mweupe ulikuwa juu ya paja lake. Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka, una uwanja wa saruji, na akina mama kumi hivi walikuwa wameshafika na visu vyao. Walipomwona wakaanza, "Mkono wa Chuma huyo! Mkono wa Chuma!"

Kisha wakaiona bandeji, wakashusha visu mmoja baada ya mwingine.

Mama wa bibi harusi, Bi Rukia wa Mombasa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akasogea. "Kulikoni? Chuma kimeshika moto leo?"

Shangazi hakuuficha mkono. Angeweza kusema amejikata na kisu. Sote tungemsaidia kuongopa.

"Haukuwa chuma, Rukia," akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Ulikuwa umekufa ganzi. Miezi minane sisikii moto, wala kisu, wala maji. Ninyi mlipiga vigelegele na mimi nikanyamaza. Wambui anasema ni sukari, Jumatatu naenda kwa daktari. Leo sitagusa kitu. Nitakaa hapa kwenye kiti na nitasema. Kama harusi hii inataka mpishi mwingine, semeni sasa, vitunguu bado vibichi."

Bi Rukia akamtazama, akautazama mkono, akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Mwanahawa," akasema, na ile sauti ya kuamsha mtaa ilikuwa haipo, "mimi vidole vya mguu. Tangu Ramadhani. Kiatu kilinivuka sokoni sikujua, nikafika nyumbani na kimoja." Akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu na shangazi. "Pika. Sema, sisi tutafanya."

Basi, jamani, laiti mngekuwapo! Niligeuka farasi. Nilimsukuma shangazi kutoka sufuria hadi sufuria juu ya ile saruji, magurudumu yakilia, naye amenyoosha mkono mweupe kama bendera.

"Athumani, kushoto! Hiyo imezidi moto. Nani kaweka mdalasini mzima hivi, mnapika pilau au mnajenga banda? Nisogeze. Nisogeze nisikilize."

Kumbe pilau husikilizwa! Sikuwa najua. Shangazi aliinamisha sikio karibu na mfuniko, akafumba macho. Maji yakiwepo, sufuria inanong'ona, yakikauka, inatafuna. "Hii bado. Hii sasa, makaa juu, haraka! Kwa koleo, we Saumu! Kwa koleo! Ukilishika kwa vidole nitakufukuza." Akina mama wakaangua kicheko, na tangu hapo kazi ikaenda kwa wimbo. Wambui, Mkristo pekee uwanjani, akaniuliza mbona nimesisimka hivyo. Nikamweleza kisa cha machela.

"Kwa hiyo mfalme alikuwa wa upande wetu," akasema.

"Lakini Sultani ndiye aliyeuacha mnara," shangazi akajibu bila kufumbua macho. "Na chakula kilikuwa cha mama mkwe. Ninyi wanaume wa vitabuni mlileta mawe tu."

Saa nane mchana sufuria zilifunguliwa. Mchele ulisimama punje moja moja, hakuna ukoko ulioungua, na bibi harusi mwenyewe akatoka na mapambo yake yote kuja kuonja. Sahani ya kwanza ilipakuliwa na Bi Rukia. Hakumpelekea bwana harusi. Alikaa mbele ya shangazi, akachanganya tonge kwa mkono wake, akamlisha mbele ya watu wote, kisha akala yeye kutoka sahani ileile. Nilimwona shangazi akiitazama sahani ile ya udongo mpaka ikabaki tupu. Baada ya chakula, Wambui alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ukumbi na kimashine chake, na mbele yake foleni ya wanawake wenye hina na dhahabu, kila mmoja ametoa kidole. "Mimi nilikuja kula," alikuwa akilalamika, huku anachoma.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa tena kituo cha Minto, begi mgongoni. Machungwa hayajajichuma, na miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Daktari alikuwa amekwisha kumwona shangazi: ni sukari, ndiyo, na ukoma si. Amepewa vidonge, amepewa daftari la kuandika anachokula, jambo analoliona ni dharau kwa mpishi. Nilimwuliza kama hisia zitarudi. Akasema daktari hakuahidi. Zilizokwenda huenda zimekwenda, kazi sasa ni kuzilinda zilizobaki.

Watu huniuliza safari zimenifunza nini mtu niliyeiacha shule. Hii imenifunza jambo moja na nitalibeba. Nikisikia mtu anasifiwa kwamba haumii, sipigi makofi kwanza. Namsogelea, nauliza: anavumilia, au hasikii? Mwalimu wa mfalme aliuliza. Mimi na Waswahili wote wa Sydney hatukuuliza miezi minane, na tulikuwa tunakula naye.

Treni ilipoonekana kwa mbali, shangazi alivuta juu mkono wa koti. Bandeji ilikuwa ndogo sasa, ya vidole viwili tu. Juu kidogo ya kifundo kulikuwa na mstari wa wino wa buluu, umezunguka mkono.

"Daktari alinifinya kuanzia vidoleni akipanda juu," akasema. "Nilipomwambia hapa nimesikia, akachora. Nifinye uone."

Nikamfinya chini ya mstari. Akatazama treni. Nikamfinya juu ya mstari.

"Aa! We mwanaharamu, polepole!" akapiga kelele, watu wakageuka, naye anacheka machozi yanamtoka. Akaurudisha mkono wa koti chini, taratibu, kama mtu anayefunga lango. "Umeona? Kuanzia hapo, bado ni kwangu."